Ogani inayumba: ni Leslie au tundu la santuri limekosa katikati?

Sahani33

Wakuu, naazima masikio yenu. Nina albamu ya mpiga ogani wa jazz, ya miaka yake ya mwishomwisho. Zama zile ilitoka kwenye CD pekee. Sasa wameitoa upya kwenye santuri mbili za inchi 12, gramu 180 kila moja, mwendo wa 33⅓. Jina la kampuni naliweka kando kwa sasa, maana sijajua kosa ni la nani: lao, la mashine yangu, au hakuna kosa kabisa.

Upande B una wimbo wa taratibu. Mzee akikalia akodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) kwa muda, sauti inapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Nafahamu kwamba spika ya Leslie inazunguka na kuyumba ndiko utamu wake, ila huku kunanitia shaka. Upande A sikusikia kitu, lakini huko nyimbo zote ni za mbio.

La pili: wimbo wa mwisho wa upande huohuo B, akifungua ogani yote, sauti inakwaruza kama karatasi inayochanwa.

Mashine inazungushwa kwa mkanda, katriji (kichwa kinachoshika sindano) ni ya sumaku inayosogea, sindano ya ncha ya duaradufu, uzito wa sindano juu ya santuri gramu 1.8 (mtengenezaji anaruhusu 1.8 hadi 2.2). Nitajuaje kipi ni muziki na kipi ni ubovu? Muda wa kurudisha mzigo unaelekea ukingoni.

FundiMkono

Mkuu, hizo ni kesi mbili, usizichanganye. Anza na kuyumba, kwa sababu hiyo unaweza kuimaliza leo kwa saa na macho tu.

Santuri ya 33⅓ inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.8. Tundu likiwa limekosa katikati, mfuo (ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita) unakuwa unasogelea kichuma cha kati na kukiacha mara moja kila mzunguko. Sindano ikiwa kwenye mfuo uliosogea nje, mwendo wa mfuo chini yake ni mkubwa zaidi na noti inapanda. Ukirudi ndani, noti inashuka. Wimbi moja kila sekunde 1.8, bila kuchelewa wala kuwahi. Leslie kwenye mwendo wake wa polepole huzunguka takriban mara 40 hadi 50 kwa dakika, yaani wimbi moja kila sekunde 1.2 hadi 1.5.

Kwa hiyo hesabu mawimbi ndani ya sekunde 18, hata kama akodi inabadilika njiani. Yakiwa 10, shuku santuri. Yakiwa 12 hadi 15, mwache mzee apige. Huku unahesabu, tazama na maandishi ya lebo: kama sauti inafika kileleni wakati neno lilelile limeelekea sindano, mzunguko baada ya mzunguko, huna haja ya saa tena.

Halafu inama, jicho liwe sambamba na santuri, utazame kichwa cha mkono unaobeba sindano. Kikienda kushoto na kulia ni tundu. Kikipanda na kushuka ni santuri iliyopinda, na hiyo ni kesi nyingine yenye dawa nyingine.

Kipimo chenyewe kifanye mwishoni mwa upande. Baada ya wimbo wa mwisho sindano huteleza hadi kwenye mfuo uliofungwa, ule unaojirudia bila mwisho. Pale hakuna tena mwendo wa kuelekea ndani. Mkono unatakiwa usimame tuli. Ukicheza, mchezo wote huo ni kosa la tundu. Weka rula nyembamba nyuma ya kichwa cha katriji bila kugusa chochote, usome umbali kutoka ukingo hadi ukingo. Kosa halisi la tundu ni nusu ya umbali huo. Mashine inayonyanyua mkono yenyewe haitakupa nafasi hiyo. Itabidi usome kwenye nyimbo zenyewe, ambako usomaji unachanganyika na mwendo wa mkono kwenda ndani.

Na usijipe moyo kwa sababu upande A uko sawa. Kila upande una kalibu yake kwenye mashine ya kukandamiza, na kila kalibu hutobolewa tundu kivyake. A inaweza kuwa kamili na B ikapotoka.

Vijiti_Tisa

Naongeza tahadhari kwa wenye matoleo ya mwendo wa 45: hesabu ya mkuu haiwafai. Kwa 45 mzunguko ni sekunde 1.33, katikati kabisa ya eneo la Leslie. Hapo tegemeni lebo, macho na ala nyingine.

Ala nyingine ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Leslie inazungusha ogani tu. Gitaa, piano, saksafoni havipiti humo. Tundu likikosa, vyote vinayumba pamoja. Tafuta mahali ambapo gitaa linaachia noti moja ndefu na ogani imenyamaza au iko chini. Matoazi hayakusaidii, hayana noti ya kushika.

Chukua mfano wa Dr. Lonnie Smith, *All in My Mind*. Ilirekodiwa mbele ya wasikilizaji Jazz Standard, New York, mwaka 2017 alipotimiza miaka 75, Blue Note wakaitoa 2018, kisha ikarudi katika mfululizo wao wa santuri wa Tone Poet. Wapo watatu tu kwa sehemu kubwa: yeye, Jonathan Kreisberg kwenye gitaa, Johnathan Blake kwenye ngoma. Hakuna mpiga besi; besi ni ya ogani yake ya Hammond yenyewe, mkono wa kushoto na pedali. Kwa bendi ya namna hiyo shahidi wako ni gitaa peke yake, kwa hiyo mtafute gitaa.

Sasa ogani yenyewe, maana ina tabia ambazo tundu bovu haliwezi kuziiga. Leslie ina vitu viwili vinavyozunguka: pembe juu kwa sauti za juu ya hezi 800 hivi, na pipa chini kwa zilizobaki. Haviendi kwa kasi moja, kwa hiyo wimbi la polepole la Leslie halitulii. Linapishana na kukutana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wimbi la tundu ni moja, safi, kutoka besi hadi juu. Kingine, mpigaji akibonyeza swichi ya kasi ya Leslie, pembe inafika kasi kubwa kwa muda wa sekunde moja hivi, pipa linachelewa sekunde kadhaa. Kasi ile ni karibu mizunguko 7 kwa sekunde, na hakuna atakayeidhania kuwa kosa la santuri. Sikiliza sekunde chache baada ya swichi: kama chini ya mtetemo wa kasi bado unalisikia lile wimbi la 1.8, si lake.

Na kuna zawadi katika Hammond za magurudumu. Noti zake zinatoka kwenye magurudumu 91 ya chuma yanayozungushwa na mota inayofuata mzunguko wa umeme wa gridi. Haikazwi wala kulegezwa kama nyuzi, na haibadiliki kwa joto la jukwaa. La ya katikati ni hezi 440 kwa hesabu ya meno ya gia. Kwa hiyo programu yoyote ya simu ya kupima noti inakuwa kipimo cha mashine yako. Subiri noti moja ndefu, Leslie ikiwa imesimama au iko polepole, usome wastani. Ikikaa senti 17 juu, mashine yako inakimbia kwa asilimia 1 (senti 100 ni nusutoni). Ikienda juu na chini kwa kiasi kilekile kila sekunde 1.8, umerudi kwenye tundu.

Kuhusu mkwaruzo, kabla ya kulaumu: kila ufunguo wa Hammond unafunga migusano tisa, na haifungi kwa wakati mmoja. Ndiyo ile "tk" mwanzoni mwa noti. Wabunifu waliiona kasoro, wapigaji wa jazz wakaigeuza kuwa ngoma. Na Leslie yenye vali (zile taa za kioo za kukuza sauti), kama 122 ya wati 40, ikisukumwa na pedali ya sauti hadi mwisho, inanguruma yenyewe. Mngurumo huo umo kwenye masta, yaani rekodi ya asili. Lakini "karatasi inayochanwa" sikuipenda.

Sahani33

Nimefanya yote. Mawimbi 10 ndani ya sekunde 18, mara tatu nimerudia. Kilele kinatokea kila mara jina la wimbo wa pili linapoelekea sindano. Gitaa nalo linayumba, nilikuwa silisikii kwa sababu nilikuwa nasikiliza ogani tu. Kwenye mfuo uliofungwa mkono unacheza milimita 1.2 jumla. Upande A haufiki hata 0.3. Programu ya simu inaonyesha wastani wa senti 3 juu, nadhani huo ni mkanda.

Swali: milimita 1.2 ni nyingi? Kwa macho ni kidogo mno.

FundiMkono

Ni nyingi. Gawa kwa mbili, kosa ni milimita 0.6. Ligawe kwa umbali kutoka katikati mpaka mfuo unaosikiliza. Mwanzo wa upande mfuo uko milimita 146 kutoka katikati: 0.6 kwa 146 ni asilimia 0.4, senti 7 juu na 7 chini. Katikati ya upande, milimita 100: senti 10. Mwisho, milimita 60: asilimia 1, senti 17 kila upande. Ona kwamba tundu lilelile linazidi kuumiza kadiri unavyokaribia lebo, na wazalishaji wanapenda kufungia upande kwa wimbo wa taratibu. Muziki wa mbio ungekuficha kabisa.

Kwangu, upande wenye ogani au piano ukicheza zaidi ya milimita 0.4 jumla naurudisha. Wa ngoma na sauti za watu naweza kuvumilia 0.6.

Senti 3 juu ni asilimia 0.17. Achana nazo.

Rudisha. Piga video fupi ya mkono kwenye mfuo uliofungwa, rula ikiwa nyuma yake. Hiyo ina nguvu kuliko aya tatu za malalamiko, kwa sababu muuzaji akisikia "ogani inayumba" atakujibu kwamba ogani huyumba. Ila ujue: nakala zilizotoka kwenye kalibu ileile zote zitakuwa na kosa lilelile. Mwombe muuzaji nakala ya kundi jingine la uzalishaji kama lipo, la sivyo chukua fedha.

Kama hakuna nakala nyingine na huwezi kuachana nayo, dawa ni kupanua tundu. Baada ya kufanya hivi hakuna kurudisha tena, nakwambia mapema.

Zungusha sahani ya mashine (ile inayobeba santuri) kwa mkono sindano ikiwa kwenye mfuo uliofungwa, usimame mkono unapokuwa nje kabisa, mbali na kichuma. Sehemu ya lebo iliyo upande wa sindano hapo, itie alama kwa penseli. Katikati ya kweli ya mifuo imesogea kuelekea alama hiyo. Toa santuri, chukua tupa ndogo ya duara, punguza ukuta wa tundu upande wa alama pekee, milimita 0.6, si zaidi. Funika mifuo kwa karatasi laini, kwa kuwa unga wa plastiki ukiingia humo utaujua kila siku ya maisha ya santuri hiyo. Pulizia, pangusa tundu kwa kitambaa chenye unyevu. Rudisha kwenye mashine, sukuma ukingo wa upande wa alama kuelekea katikati hadi kichuma kigote ukuta mpya, pima tena, gongagonga kwa kidole hadi mkono utulie. Kwa upande A unaisukuma santuri irudi kwenye ukuta wa zamani. Tundu sasa ni la yai, kwa hiyo kila unapogeuza itabidi uiweke upya. Usumbufu huo ndio bei yake.

Nakamichi waliwahi kutengeneza mashine, TX-1000, inayopima kosa hili na kusogeza sahani yenyewe. Ilikuwa ghali ajabu na haijapata mrithi wa bei ya watu wa kawaida.

UpandeD

Nimebaki na mkwaruzo, hakuna aliyeugusa ipasavyo.

Mfuo wa nje wa santuri ya 33⅓ unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 kwa sekunde. Wa ndani kabisa, sentimita 21. Wimbi la hezi 10,000 ambalo nje lilitandazwa kwenye maikroni 51 sasa linabanwa kwenye maikroni 21. Ncha ya mviringo ina nusu kipenyo cha karibu maikroni 15, haiingii kwenye kona hizo. Ya duaradufu ina karibu 8 ubavuni, inaingia kama imepangwa sawasawa. Sasa mtu aliyepanga nyimbo kwa CD, ambako mwisho ni sawa na mwanzo, ameweka wimbo wenye kelele kuliko zote hapo ndani. Ukihamishwa kwenye santuri bila kupangwa upya, matokeo ndiyo hayo.

Jaribio la kutenga: mkwaruzo wa Leslie uko kwenye ogani tu, na toleo la dijitali la rekodi hiyohiyo unao vilevile. Mkwaruzo wa mfuo wa ndani unakamata matoazi na saksafoni pia, na unazidi dakika kwa dakika. Sikiliza "ts" ya toazi. Ikigeuka "fsh", ni mfuo.

Kabla ya kulaumu waliokata mifuo kiwandani, rekebisha kwako. Uzito wako wa 1.8 ni wa chini kabisa katika kiwango, peleka 2.0 au 2.1, na upime kwa mizani ndogo ya kidijitali, siyo kwa namba za gurudumu la mkono. Uzito mdogo ndio unaoharibu santuri, kwa kuwa sindano inaruka na kutua kwenye kuta za mfuo. Ukiona sikio la kulia linakwaruza kabla ya kushoto, ongeza kinga ya mkono kuvutwa ndani. Kushoto kukianza, punguza. Kisha pembe ya katriji. Kwa mpangilio wa Baerwald, sehemu mbili ambazo katriji inalingana kabisa na mfuo ziko milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Wa Stevenson unaipeleka ile ya ndani hadi 60.3, ukutani mwa lebo. Kwa mwenye rafu iliyojaa santuri zinazomalizika kwa kishindo, Stevenson inastahili kujaribiwa, japokuwa katikati ya upande utalipa kidogo.

Unene wa gramu 180 usiuhangaikie. Mkono wenye urefu wa milimita 230 ukiinuka hata milimita nzima, pembe inabadilika robo ya digrii. Na usitegemee gramu hizo zikupe sauti. Mfuo una kina kilekile. Zinakupa santuri isiyopinda kirahisi, basi.

Baada ya hayo kama bado inachanika, tazama upana wa eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Upande wa dakika 17 au 18 unamwachia mkataji nafasi ya kuishia mbali na lebo. Upande wa dakika 24 wenye ogani unamlazimisha achague: ashushe sauti yote, apunguze besi, au akate hadi ukutani. Besi inakula nafasi kuliko kitu chochote, na pedali ya chini kabisa ya Hammond inafika hezi 32.7. Tena Leslie hurekodiwa kwa maikrofoni mbili juu na moja chini, au zaidi. Besi ikitofautiana kushoto na kulia, sindano ya kukata inasukumwa juu na chini badala ya pembeni, mfuo unakuwa na sehemu za kina kifupi, na sindano yako inatoka njiani. Mkataji anayejua kazi anaiunganisha besi iwe ya katikati. Anayekata faili la CD kama lilivyo, pamoja na sauti iliyobanwa hadi juu, hafanyi hivyo.

Kwa hiyo upande B una dakika ngapi?

Sahani33

Dakika 23 na sekunde 40. Nimepandisha uzito hadi 2.05 na kupanga upya kwa karatasi ya Baerwald. Katriji ilikuwa imerudi nyuma karibu milimita 1.5. Matoazi yamerudi kuwa "ts" hadi dakika ya 20 hivi. Baada ya hapo bado "fsh", na eneo tupu ni jembamba kuliko kidole changu kidogo.

Video ya rula nimeituma kwa muuzaji.

UpandeD

Kwa mpangilio huo umeshaokoa santuri zako zote nyingine. Hizo dakika tatu za mwisho ni za mkataji, na nakala ya kundi jingine haitaziponya hata tundu likiwa katikati. Chukua fedha.

Vijiti_Tisa

Au achukue nakala, mwisho wa B asikilize kwa CD. Ile akodi ya taratibu ikiwa imetulia, na Leslie inapumua kwa mwendo wake, mimi ningeitafuta.